Dira Yako na Majembe ya Kaburini

Makambako, Jumapili, 15 Juni 1952.
Asubuhi: sakitu juu ya nyasi za uwanja wa shule. Maji ya ndoo yamefanya ngozi ya barafu. Hakuna upepo. Jua limetoka jeupe, halina joto.

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, nikaweka kalamu chini, kisha nikatambua kwamba nangoja uitikie.

Tangu nianze kuandika shajara kule sekondari, kila ukurasa una tarehe, hali ya hewa na mambo ya siku, basi. Sijawahi kumwandikia mtu ndani yake. Leo nakuandikia wewe kwa sababu wiki hii jambo lako limeamuliwa nyumbani, na haifai mtu aamuliwe jambo lake bila kuambiwa. Nitakueleza kwa mpangilio, maana ulikuwa hupendi habari inayoanzia katikati.

Hujui ulivyozikwa. Nikilifikiria hilo nashangaa kila mara: siku yenyewe ulikuwapo, tena wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wa shughuli, na hukuona kitu. Basi nianzie hapo.

Ulituacha mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado haijachoka. Habari ililetwa hapa na dereva wa lori, alisimama mlangoni pa darasa langu akavua kofia, na mimi nikajua kabla hajasema. Barabara ya Njombe ilikuwa tope tupu. Tulikwama, tukasukuma, tukakwama tena. Nilipofika nyumbani jeneza lilikuwa limekwisha kutolewa nje na shimo limekwisha kuchimbwa. Kwa hiyo mambo ya kuchimbwa kwa kaburi nimeyajua kwa kuuliza. Nimewauliza wote waliokuwapo, mmoja mmoja, mpaka maneno yao yakalingana.

Mahali ulipachagua mwenyewe, juu kwenye kilima cha miti yako ya miwati. Ulisema makaburi ya zamani yamebanana, huko juu kuna hewa. Lakini kwa kuwa hakuna aliyewahi kuzikwa huko, hapakuwa na kaburi jingine la kuliangalia. Nawe unajua ukoo wetu usivyo na mchezo na jambo hili: maiti hulazwa kichwa kikielekea mashariki, kule bondeni ambako mababu walipanda kutoka, ili akiitwa na wa kwao asihangaike kugeuka. Siku ile ukungu ulikuwa umekifunika kilima chote. Mtu aliyesimama ng'ambo ya pili ya mahali pa kuchimba alikuwa kivuli. Wazee wakasimama duara, kila mmoja akanyoosha mkono kuonyesha mashariki, na mikono ikaelekea kila upande. Wakaanza kubishana juu ya kilima, wachimbaji wamekaa wanangoja.

Ndipo Baba mdogo Nehemia alipoteremka mbio nyumbani akafungua sanduku lako na kuitoa dira yako ya siku ulizokuwa baharia ziwani.

Wanasema aliipandisha ameifunika kwa koti lake kama mtoto mchanga. Akapiga magoti, akatafuta mahali tambarare pa kuiweka. Na hapakuwa na mahali tambarare ila pale ambapo wachimbaji walikuwa wamelaza vyombo vyao: majembe, sururu na mitaimbo miwili iliyoazimwa kwa watu wa barabara. Akaiweka hapo hapo, kando ya mitaimbo. Sindano ikacheza, ikatulia. Baba mdogo akasema kwa sauti ya kanisani, "Kaka amesema. Mashariki ni kule." Na hakuna aliyebisha. Nani angebishana na dira ya marehemu mwenyewe, iliyomvusha ziwani miaka yote ile?

Umeshaelewa, Baba. Ungekuwa hapa ungekuwa umeshika kichwa kwa mikono miwili.

Mimi nilipoambiwa kwamba dira ilitumika, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na kulia, sikuuliza iliwekwa wapi. Nilisema tu moyoni, amezikwa kwa chombo chake. Nikakumbuka jinsi ulivyonifundisha kuisoma, mimi nikiwa bado sijajua kuandika vizuri. Kwanza ulikuwa unavua mkanda. Kisha unamwambia Mama, "Mama Eliza, ondoa pasi yako hapo mezani, inanipotezea meli." Mama anasema, "Meli gani ipite humu ndani, baina ya kuku?" Nawe unangoja, huifungui mpaka pasi itoke. Uliniambia kwamba kwenye meli mshika usukani haruhusiwi kuwa na kisu kiunoni, kwa sababu chuma kikiwa karibu dira inadanganya, na uongo wake hauna haya: inatulia kabisa, kama inaposema kweli. "Ndiyo maana," ukasema, "usiiulize dira kitu kabla hujatazama nani amekaa karibu nayo." Nilidhani unasema juu ya dira peke yake. Sasa nina darasa langu, nina walimu wenzangu na maneno yao, nami nakuelewa zaidi.

Nyumba yetu nzima uliifanya hivyo. Watu wa Njombe wakipita walikuwa wanacheka miimo ya mlango wetu: ukiwa ndani unatazama nje, wa kushoto mwekundu, wa kulia kijani, kama taa za meli. "Nahodha wa nchi kavu!" walikuwa wanakuita wakitoka sokoni. "Leo mawimbi vipi huko shambani?" Nawe unajibu, "Mabaya. Nimepoteza fahali wawili baharini." Lakini mimi uliniambia maana yake. Usiku ziwani, ukiona taa nyekundu peke yake au kijani peke yake, chombo kile kinapita kwenda zake. Ukiziona zote mbili pamoja, jua kinakuja moja kwa moja kwako. Ukasema unataka kila mtoto wako anayerudi nyumbani aone rangi zote mbili, ajue kwamba nyumba nayo inamjia.

Baada ya mvua mwimo wa kijani ulibabuka. Mama alinituma nitafute rangi huku Makambako. Dukani walikuwa na nyekundu na buluu, na Mama alikuwa amesema buluu hapana, Baba yako hataijua nyumba. Mwishowe nikaipata kwa fundi wa malori, kijani ya bodi ya lori, kikopo kilichobaki. Mlango wetu sasa unang'aa kuliko kanisa.

Nakueleza haya ili ujue kwamba bado tunaishi na vitu vyako. Bildi yako Mama anaegeshea mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Ile risasi nzito iliyopima vina vya ziwa! Nilitaka kumwambia aiheshimu, kisha nikaona anaisukuma kwa mguu polepole, kama mtu anavyomsogeza paka anayempenda, nikanyamaza. Kitundu chake cha chini, kile ulichokuwa unapaka mafuta mazito ya ng'ombe ili ilete kipande cha kilichoko chini ya maji, bado kina mafuta. Yamekuwa meusi. Unakumbuka ulivyokuwa unarudi barazani umwambie Mama, "Nimemtupia bildi yule bwana. Imeleta tope"? Na yule karani aliyekuja kunichumbia, ukamkaribisha pombe ya ulanzi, ukamwuliza habari za mama yake tu, habari za kazi yake hukuzigusa. Alipoondoka ukasema, "Mwamba mtupu. Nanga haitashika." Nilikukasirikia juma zima. Baadaye niliona mwenyewe anavyomjibu mama yake.

Sasa nafika kwenye shida yenyewe.

Mvua zilipokwisha, Shangazi Rahel alipanda kilimani kupalilia kaburi. Unamjua dada yako, huwa anafika mahali kabla ya jua. Akawa ameinama na jembe lake jua likachomoza, naye akaona halichomozi kichwani kwako kwenye msalaba. Linachomoza ubavuni. Akasimama. Akazunguka kaburi. Kisha akateremka na kupiga kelele ambazo, Mama anasema, zilimfanya adhani umefufuka.

Kichwa chako hakiko mashariki, Baba. Kiko kaskazini. Wamekulaza umegeuka robo nzima ya duara.

Maneno yakaenea kwa siku chache. Wengine wakasema dira ile imerogwa kule ziwani, itupwe mtoni. Wengine wakasema wewe mwenyewe uliigeuza kwa kuwa hukuwa unawataka mababu, ulikuwa umekwisha kuwa mtu wa maji. Na Baba mdogo akatangaza kwamba atalifukua kaburi na kukugeuza, kabla ukoo haujalijengea kwa mawe. Kikao kikawekwa Alhamisi ya wiki hii, mimi nikiwa likizo.

Mama alinipokea nikishuka kwenye lori bila kunisalimu vizuri. Alisema neno moja tu, "Hawatamgusa." Alikuwa anapika, anachota maji, anapika tena. Nikamwona amekonda. Nilijua kwamba wakikufukua, yeye ndiye atakayesikia kila pigo la jembe kutoka jikoni, maana kilima kile sauti zake zote hushuka nyumbani. Ulipokuwa unapasua kuni huko juu tulikuwa tunakuhesabia.

Kabla ya kikao nilikwenda kwa Baba mdogo. Sikwenda kubishana. Ulipata kuniambia kwamba mdogo wako ni mchanga laini mpaka chini, ukimtupia bildi kwa nguvu unamwumiza, iteremshe pole pole. Basi nilikaa naye kwenye kibaraza chake, nikamwuliza kama analala. Akasema, "Silali, mwanangu." Akaniambia anakuota. Unakuja mlangoni kwake, unasimama, unamtazama, humsalimu. "Maishani mwake mwote Kaka hakuwahi kufika kwangu asiseme kamwene," akasema. "Sasa anafika ananyamaza. Amenikataa. Nilishika kitu chake bila ruhusa, akaigeuza dira ili watu wote waone amenikataa."

Nikamwuliza iliwekwa wapi. Akanieleza kila kitu, mpaka mitaimbo. Alikuwa anaieleza kama mtu anayeeleza mahali palipokuwa safi, pazuri, alipopachagua kwa uangalifu.

Nilitaka kumwambia palepale. Nikaogopa. Nilifikiri, nikimwambia kwamba si wewe uliyeigeuza, nitamwondolea mzigo mmoja na kumtwika mwingine. Nikarudi nyumbani sijasema. Nilikaa nalo usiku kucha, nikaona kwamba nikinyamaza watu wataendelea kusema juu yako maneno ya uongo, na juu ya dira vilevile, nayo haina kinywa.

Kikao kilifanyika chini kwetu, mbele ya mlango wa rangi mbili. Mchungaji alikuwapo, akasema kanisa halina neno na mashariki wala kaskazini, Mungu anamwona mtu popote alipolazwa, lakini ukoo ukikubaliana naye atasali. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikaweka kigoda katikati, nikaiweka dira juu yake, nikawaomba wote warudi nyuma na visu vyao. Sindano ikatulia ikielekea barabara ya Makambako, kaskazini, kama kila mtu alivyoweza kuona kwa jua lile. Kisha nikamwambia Baba mdogo, "Tafadhali, leta jembe lako taratibu, uliweke karibu nayo."

Akalileta. Sindano ikatetemeka, ikaanza kuligeukia. Akarudi nyuma, ikarudi. Akasogea, ikamfuata. Shangazi Rahel akasema, "Kumbe chombo hiki kinapenda majembe! Siku zote hizi kaka yangu anakificha ndani, na sisi tunakosa wakulima." Wakacheka. Hata mchungaji alicheka. Mtu akaomba alete shoka lake nalo lijaribiwe. Kwa kitambo kidogo kikao kiligeuka mchezo, nami nikafurahi, nikidhani mambo yamekwisha.

Baba mdogo hakucheka. Alikuwa ameshika jembe bado. Akasema, "Basi si Kaka. Ni mimi."

Nilisema, "Baba mdogo, hakuna aliyejua."

"Wewe ulijua," akasema, si kwa ubaya. "Kaka alijua. Kila mtu aliyeishi humu ndani alijua, hata pasi ilikuwa inaondolewa. Mimi nilikuwa nakuja kunywa ulanzi wake na kumcheka. Basi nilichokipinda nitakinyoosha. Mniachie peke yangu, sitaki mtu anisaidie. Nitamgeuza kwa mikono hii hii." Akaanza kutembea kwenda njia ya kilimani, jembe begani. Baba, alikuwa analia waziwazi, mtu mzima mbele ya watu. Vijana wawili wakainuka kumfuata. Na mimi niliyetaka kukuokoa nikaona nimemkabidhi sababu ya kukufukua.

Hapo Mama akatoka jikoni. Alikuwa na unga mikononi. Mama hasemi kwenye vikao, unajua. Mwanamke wa ukoo mwingine hasemi. Akasimama njiani mbele yake.

"Shemeji, kaa chini."

"Niache, shemeji. Nikamlaze vizuri."

"Wewe umewahi kulala na kaka yako?"

Watu wakatazama chini. Baba mdogo akasema, "Tukiwa watoto."

"Mimi nimelala naye tangu aliporudi kutoka ziwani. Huyu mtu hajawahi kulala sawa. Kitanda kinaelekea huku, yeye analala kule, magoti yake mbavuni mwangu. Alisema ndivyo walivyolala kwenye meli. Nimemsukuma, nimemkunja, nimemwambia nitahamia kwa kuku. Hakunyooka. Mwisho nikajifunza kulala na mimi kombo, ndipo tukapata usingizi." Akafuta mikono kwenye kanga, akaendelea kwa sauti ya chini, lakini tulimsikia wote. "Leo ninyi mnataka kumnyoosha. Nikifika mimi nitajuaje kwamba ni yeye?"

Mama akageuka, akatuonyesha kwa mkono wake mweupe wa unga. "Kichwa kiko Makambako, kwa mwanawe. Miguu iko Ludewa, njia ya ziwani. Aliishi hapo katikati. Mwacheni. Mimi nataka jambo moja tu kwenu, na mchungaji asikie. Siku yangu ikifika msinipimie mashariki. Mnilaze kama yeye, kando yake."

Shangazi Rahel akaruka. "Wifi! Yeye alikosewa kwa ukungu na majembe. Wewe ulazwe vibaya kwa makusudi, jua likiwaka?"

"Kwani nilipoolewa naye nilipimiwa kwa dira?" Mama akasema. "Mlinilia wote kwamba naolewa na mtu wa maji asiyejua kulima. Wewe wifi ulilia kuliko wote."

"Nililia kweli," Shangazi akasema. Kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga, na sikujua kama anacheka au analia, nadhani vyote viwili.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama. Akauliza kama mtoto, "Na akinijia tena mlangoni?"

Mama akamjibu, "Mkaribishe. Labda ana njaa. Wewe umemwona amesimama mlangoni siku zote hizo na hujamwambia aingie?"

Akalishusha jembe. Wazee wakasemezana, haikuwachukua muda mrefu. Wakakubali. Mchungaji akasali, sala fupi kwa sababu ya baridi, akakutaja kwa jina lako la ubatizo, nami nikashtuka, kwa sababu ni muda mrefu sijalisikia likitajwa kama la mtu aliyepo.

Ijumaa palikuwa peupe, unaweza kuona mbali mpaka macho yachoke. Nilipanda na Baba mdogo na Mama. Tuliacha vyuma vyote nyumbani. Baba mdogo alivua mkanda wake kwa sababu ya kifungo chake cha chuma, akawa anapanda kilima ameshika suruali kwa mkono mmoja na dira kwa mkono mwingine, na Mama nyuma yake anasema, "Shemeji, usije ukatuaibisha mbele ya marehemu." Yeye ndiye aliyepima, mimi niliandika. Alipima mara tatu, akizunguka, akiangalia chini kama kuna msumari. Kisha tukapanga mawe meupe kando yako upande wa kushoto, mstari mmoja sambamba na wewe, urefu wa mtu, kuonyesha mahali pa Mama. Mama akasimama kwenye mstari ule, akatazama Makambako, akageuka akatazama Ludewa. Akasema, "Hapa pana jiwe linachomoza, mtalitoa."

Dira nimemwachia Baba mdogo. Mama alitaka niichukue, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua. Lakini nilimwona Baba mdogo anavyoipangusa kwa ncha ya shati, na nikakumbuka kwamba ninyi wawili mlikuwa watoto wa nyumba moja kabla mimi sijawa kitu. Nimemwonyesha jinsi ya kuifunga. Asubuhi nilipokuwa naondoka alikuja kwenye lori, akaniambia dirishani, "Nimelala." Hilo tu. Sikumwuliza kama ulikuja.

Baba, nimerudi jana jioni, na tangu leo baada ya ibada nimekuwa nikikuandikia, nikiacha, nikirudi. Wanafunzi wawili wamekuja kuomba kuazima kitabu, nikawapa. Nimekula viazi vya jana. Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Hapa Makambako ndipo tulipolala wewe na mimi tukingoja lori, siku uliyonisindikiza kwenda sekondari. Nilikuwa nalia kimya nikidhani huoni. Ukaniambia kwamba watu wanadhani nanga inaishika meli kwa uzito wake, na sivyo. Inashika kwa sababu ya mnyororo. Ukiuachia mfupi, mawimbi yanaing'oa nanga. Ukiuachia mrefu, mnyororo wenyewe unalala chini, nanga inatulia, meli inacheza juu salama. "Kwa hiyo sikuachi," ukasema. "Nakuongezea mnyororo."

Sikukujibu siku ile. Nilikuwa na hasira, nilitaka kubaki nyumbani. Sikukujibu, na baadaye tukawa na mambo mengine ya kuzungumza, shule, miwati, bei ya mahindi, na neno lile likabaki hivyo hivyo bila jibu. Nakujibu sasa. Nilikuelewa. Sikuwahi kukosa kuusikia mnyororo ukinivuta kidogo, hata kule mbali, hata siku za mitihani.

Tangu Machi nimekuwa nikiogopa kwamba mnyororo umekatika. Juzi kilimani, nilipoona kichwa chako kimeelekea huku niliko mimi...

Nimepumzika kidogo.

Ahadi yangu ni hii. Mungu ampe Mama miaka mingi, lakini siku yake ikifika, iwe mvua au ukungu au jua, nitapanda kilimani kabla ya jembe lolote. Nitapima kwa mikono yangu, na vyombo vya wachimbaji vitakaa chini ya kilima mpaka nimalize. Mama atalala sambamba nawe, kwa kombo lile lile, na jiwe linalochomoza litakuwa limetolewa. Watakaosema amelazwa vibaya nitawajibu mimi. Nikiwa mbali, nayo barabara imeharibika, Baba mdogo anajua, na watoto wake nitawafundisha likizo ijayo.

Sasa lala, Baba. Nyoosha magoti upande huo, nafasi ipo, mwenzako hajafika bado. Nasi hatuna haraka naye. Shikamoo tena, na kwaheri.

Binti yako,
Eliza

Jioni: baridi imerudi, nyota nyingi. Malori mawili yamepita kwenda Njombe. Nalala, saa nne kasoro robo.